Bahari ya Orynbai, Ghorofa ya Nne

Ninachotaka kuwaeleza hapa hamtakiamini, na wala sitanuna. Hata watu wa Karaganda, mji wetu wa makaa ya mawe, walikataa kukiamini, nao ni watu ambao theluji ikianguka nyeusi wanaona ndivyo inavyopaswa kuwa. Ni hivi: Orynbai, mchimba makaa kwa miaka thelathini na moja, mtu aliyeiona bahari kwenye kalenda tu, alijenga bahari yake ghorofa ya nne, kati ya kabati la vyombo na dirisha.

Msicheke bado.

Miaka yote ile mgodini aliahidiwa tiketi ya kwenda kupumzika pwani. Kila kiangazi jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha. La kwanza sijui lilikuwa la nani, ila huyo bwana kwa sasa lazima ameota mapezi. Orynbai alipostaafu, vumbi lilikuwa limeshapanga mapafuni mwake, na daktari akamwambia asahau safari. Sokoni kwenda na kurudi, basi.

Ndipo akanunua tangi la kioo. Akaweka mawe, mchanga, pampu, taa ya buluu, na maji aliyoyakoroga chumvi mwenyewe kwenye ndoo. Alitaka kitu kimoja tu: kuona tumbawe likichanua kwa macho yake. Mara moja ingemtosha.

"Wenzako wakistaafu wanafuga kondoo," mkewe Kulyash alimwambia. "Wewe unafuga mawe."

"Mawe hayali nyasi."

"Yanakula umeme, mzee. Bora nyasi."

Mwalimu wake alikuwa Vadim wa Almaty, fundi wa matumbawe ambaye hawakuwahi kuonana ana kwa ana, walijuana kwa simu. Januari Vadim akapiga.

"Tangi lako lina umri gani?"

"Wiki tatu na siku mbili."

"Hicho bado kitoto kichanga, Orynbai. Maji hayajatulia. Mpaka mawe yatoke lile vumbi la kahawia, liishe lenyewe, ndipo uweke tumbawe. Miezi mitatu, minne."

"Vumbi limeshatoka. Mimi vumbi halinikosi."

"Basi subiri liishe. Shida ni kwamba mimi sina muda wa kusubiri. Ijumaa ya wiki ijayo tunahamia Ujerumani na mama, tangi langu nalibomoa. Nina miche mitatu ya tumbawe imebaki."

"Ukiondoka wewe, nani mwingine atanipa?"

"Ninayemjua mimi, hakuna."

Orynbai alijua ni mapema. Alijua kabisa, wala asije mtu kusema alikuwa mjinga. Lakini pafu halimsubiri mtu miezi minne, akasema lete.

Miche ikasafiri kama vinavyosafiri vitu vyote vya maana kwetu: ndani ya chupa ya chai, mikononi mwa mama mhudumu wa behewa la saba. Asubuhi ile baridi ilikuwa nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. (Nilitaka kusema hamsini, ila kuna watu wanatunza kumbukumbu.) Orynbai akaipokea stesheni, akaificha ndani ya koti, kifuani, akarudi nyumbani amejikunja kama mtu aliyeiba kuku.

Kila mche ulikuwa mdogo kama kifungo cha koti, umegandishwa kwenye kitako cha saruji: mmoja wa kijani, mmoja wa zambarau, mmoja rangi ya nyama mbichi. Akaiweka kwenye bakuli, akaingiza maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone moja moja, mpaka mchana. Kisha akaigundisha kwenye mawe, ya chini kwanza ili taa isiiunguze. Siku ya nne ule wa kijani ukaanza kuvimba pembeni, dalili ya kutaka kuchanua. Orynbai akavuta kiti mbele ya kioo akakaa. Kulyash akamletea chai bila maneno, na Kulyash bila maneno si jambo la kila mwaka.

Jumapili akaja dada yake, Bopesh, kutoka kijijini. Huyu ndiye aliyemlea Orynbai tangu mama yao alipofariki. Alimvika viatu akabaki peku yeye. Majirani tukaitwa, nyama ya farasi ikachemka, maandazi yakakaangwa. Bopesh akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Kitu kipya kinaingia nyumbani kimyakimya kama mwizi? Hamna adabu huku mjini?"

Kabla mtu hajameza tonge, akachota mfukoni akarusha shashu, kama inavyorushwa kwa bibi harusi: pipi na sarafu, konzi nzima. Nyingine zikaangukia zuliani, nyingi zikazama majini. Watu wakashangilia. Na mimi, kwa kuwa najua heshima, nikaongeza zangu mbili.

Orynbai akawa mweupe. Sarafu zetu zina shaba, na Vadim alimwambia tangu siku ya kwanza: hata waya wa shaba usiguse maji hayo, ni sumu kwa tumbawe. Akakunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono.

"Unatoa baraka yangu?" Bopesh akauliza. "Na mimi nimesimama hapa?"

Mkono ukabaki majini. Kisha ukatoka mtupu.

"Hapana, dada. Nilikuwa napanga jiwe."

Kulyash akamvuta jikoni. "Mwambie ukweli. Ataelewa."

"Ataelewa, halafu hataweka tena mguu hapa."

"Basi zitoe akienda kunawa."

"Amekaa kwenye kiti changu, Kulyash. Anaitazama bahari. Anafurahi."

Chai kwetu haina haraka. Bopesh aliondoka saa tano baadaye, ameshiba, amebariki kila kitu mpaka friji. Mlango ulipofungwa tu, Orynbai alivamia maji mpaka begani. Akatoa pipi zilizoyeyuka na sarafu kumi na nne. Akabadili maji nusu tangi: anabeba ndoo, anasimama, anakohoa, anabeba. Mimi nilijitolea kusaidia, akasema nimeshasaidia vya kutosha.

Jumatatu konokono wawili aliowaweka wasafishe kioo walikuwa wamelala chali. Jumatano mche wa zambarau ukavuliwa ngozi, ikabaki mifupa mieupe. Alhamisi akapangua mawe yote akakuta sarafu moja imejificha chini, ya tenge kumi, imeota kutu ya kijani. Sitasema ilikuwa ya nani. Ijumaa ule wa rangi ya nyama ukafuata. Siku hiyo Vadim alikuwa angani, simu haikupokelewa.

Ukabaki wa kijani, umejifunga. Orynbai akazima televisheni, akakaa kwenye kiti chake siku mbili.

Haya niliyoyaandika ninamsomea Orynbai mwenyewe, mezani kwake, anakoroga chai ambayo haina sukari ya kukoroga. Pampu bado inanguruma nyuma yake, amekataa kuizima. Na sasa nafika mahali penyewe ambapo hamtaniamini: Jumapili, saa nne asubuhi, jua limepiga dirishani, ule mche wa kijani, uliokuwa umeshakufa nusu, ukatetemeka, ukafunguka, ukatoa vidole, mia, mia mbili, kijani kitupu, ukachanua mkubwa kama sahani, na Orynbai akainama mpaka pua ikagusa kioo, akauona, akauona kwa macho yake mawili, akacheka kama mtoto, na sebule nzima ikanukia chum—

"Haukuchanua, Sagyndyk," Orynbai akasema. "Futa hapo."