Manifodi ya Mabomba Manne

Manifodi zilikuwa mbili. Fundi alizilaza juu ya gunia kwenye sakafu ya gereji yake pale Temeke, nami nikachuchumaa mbele yake kama mtu anayechagua samaki. Ya kwanza ilikuwa ya chuma kizito, fupi, nene, nyeusi kwa masizi, imeng'olewa kwenye gari bovu. Ya pili ilikuwa mabomba manne marefu yaliyopindwa kwa ustadi, yanang'aa, yanakutana chini na kuwa bomba moja. Hiyo ilitoka Uarabuni ikiwa ndani ya boksi lake. Kazi ya zote mbili ni ile ile, kupokea moshi kutoka kwenye injini na kuuteremsha kwenye ekzosi. Moshi haukunishughulisha. Mie nilitaka sauti.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba ukitaka kuingia unaanza kwa kutanguliza makalio. Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vimeanza kuingia mjini kwa kila mlango, na hilo liliingia pamoja na spea za amu yangu, mdogo wa marehemu baba, aliyekuwa na duka Temeke. Lilikuja na usukani kushoto. Amu hakuwa na haja nalo. Alinipa mie, na sababu hakuificha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na tangu hapo nilikuwa utingo wa lori la Tunduma, nikauza mitumba Tanga, nikakaa Mtwara bila kazi inayoeleweka. Kila niliporudi nyumbani nilikuwa nikiulizia basi la kuondokea.

"Labda sasa utakuwa na kitu cha kukulaza nyumbani," amu alisema, akanitupia ufunguo.

Fundi alihamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia. Alikata dashibodi, akahamisha pedeli, akatoboa tundu jipya la kupitishia rodi ya usukani. Waipa hakuzigusa, kwa hiyo mvua ikinyesha zilikuwa zikimfagilia vizuri abiria, dereva akichungulia pembeni. Hayo yote niliyazoea. Tatizo lilikuwa kwamba rodi ya usukani sasa ilishuka upande ule ule zinakotokea njia za moshi, na katika kazi ile manifodi ya zamani ilipasuka. Ndiyo maana tulikuwa tumechuchumaa.

"Hii ya chuma inakaa bila ugomvi," fundi alisema. "Fupi, inapita mbali na rodi. Hii nyingine imetengenezewa gari lenye usukani kushoto. Bomba la tatu litagusa."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Nani kasema haiwezekani? Nalibonyeza kidogo, inapita." Alikuwa kijana kama mie, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kuyapapasa yale mabomba. "Braza, hii ikinguruma, ukiwa Manzese watu wa Sinza wanafungua madirisha."

"Na joto?"

"Joto lipo. Ila we si unakwenda, upepo unapiga? Usisimame sana tu."

Nikasema afunge. Hakuna aliyenidanganya.

Sasa, kule Kinondoni kulikuwa na duka la vitambaa, la mzee mmoja mwenye asili ya Uarabuni, mtu wa sauti ndogo, aliyezoea kuukunja tena upya kila mtandio ulioachwa ovyo na wateja. Binti yake alikuwa akimsaidia dukani. Nilianza kwa kununua kitambaa cha suruali, nikarudi kununua bitana, nikarudi kuuliza vifungo ambavyo nilijua hawauzi. Yeye alikuwa akicheka kwa macho tu, baba yake asisikie. Tulizungumza hivyo kwa miezi, juu ya kaunta, mkono wangu ukiwa juu ya kitambaa nisichokihitaji. Nilimpenda. Hata leo, nikiwa nimeshapanga vyumba katika miji ambayo sitaimaliza kuitaja, nikipita penye harufu ya majora mapya nasimama.

Siku moja aliniambia, "Baba ana neno moja tu juu yako."

"Neno gani?"

"Anasema hutulii. Anasema leo uko hapa, kesho utasikika Tunduma, na mie nitabaki na nani?"

"Mwambie nimetulia."

"Mie nimwambie? Sina haya? Walete wazee wako."

Kwa hiyo posa ikaenda. Kwetu mposaji hakanyagi kwenye posa yake. Wanakwenda wazee, wanabeba barua iliyofungwa kwenye leso, wanazungumza na wazee wenzao, na mwenyewe anakaa nyumbani akijifanya hajui kinachoendelea. Kuonekana kwako siku hiyo ni ukosefu wa adabu, ni kama kwenda kusimama juu ya kichwa cha baba mkwe na kumwambia akujibu haraka. Nililijua hilo tangu utotoni.

Amu alikuwa amepanga kuazima pikapu ya jirani. Nikamng'ang'ania. Nikamwambia si heshima wazee wetu kufika mlango wa watu kwenye pikapu ya kubebea saruji wakati nyumbani kuna gari. Ukweli ni kwamba nilitaka lionekane limefika pale. Amu aliniangalia, kisha akasema sawa, niwashushe kwenye kona, niondoke, nirudi baadaye kuwachukua.

Tuliondoka Temeke baada ya sala ya Alasiri. Amu alikaa mbele. Nyuma palikuwa na kiti cha jina tu, na hapo tulimkunja mshenga wetu, mzee jirani aliyekuwa amepeleka posa za nusu ya mtaa, magoti yake yakiwa karibu na kidevu, leso yenye barua akiishikilia kifuani.

"Hivi hili gari linaumwa?" akauliza tulipofika Kariakoo.

"Hapana, mzee. Ndiyo sauti yake."

"Nauliza tu. Kifua changu kinatetemeka, nikadhani ni uzee."

"Utatushusha kwenye kona," amu akarudia kwa sauti ya juu, maana vinginevyo asingesikika. "Mwenyewe haonekani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, amu."

"Kuonekana hataonekana," mshenga akasema kutoka nyuma.

Niliwashusha. Walipokwisha kunyoosha kanzu zao na kuingia, ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikuwa nakijua vizuri kabisa. Gari lile ukilizima likiwa la moto, stata haipigi mpaka lipoe, kwa sababu mabomba yale yalipita karibu yake. Na ukiliacha linanguruma bila kwenda, joto linapanda kwenye kiungio cha usukani, raba inalainika, usukani unaanza kukaza. Nilikuwa nimemweleza fundi mara nyingi, naye hunijibu, "Si nilikwambia usisimame?" Ningeweza kwenda mbali, hadi barabara kuu, nizungukie huko. Lakini niliogopa wazee watatoka wasinione. Na nilitaka pia, Mungu anisamehe, kuwa karibu na mlango ule.

Nikaanza kuzunguka mtaa.

Bomba lile lililobonyezwa lilikuwa na sauti yake peke yake. Mengine matatu yalinguruma pamoja, hilo likachelewa na kukohoa, na nikiachia mafuta linapiga kishindo kama bunduki ya kienyeji. Kwenye barabara ya lami nilikuwa naliona jambo la kujivunia. Katika vichochoro vya mchanga vya Kinondoni, kuta zikiwa karibu, hata mie liliniumiza. Kuku waliruka. Watu waliokaa kwenye baraza walinitazama nikipita, wakanitazama nikipita tena. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua akaacha upawa hewani na kusema, "Huyu kapoteza nini hapa?"

Yaliyotokea ndani nilikuja kuhadithiwa na mshenga, tena muda mrefu baadaye, maana amu hakuwahi kuyatamka. Waliletewa sharubati. Mshenga akaanza kwa salamu, akaingia kwenye sifa za ukoo, na alipofika kwenye neno lenyewe, lile tulilomtuma, akasema, "Na kijana wetu, alhamdulillahi, sasa ametulia." Hapo ndipo nilipopita. Glasi ziligongana kwenye sinia. Wakangoja kimya mpaka sauti iishe. Akaanza tena, nami nikatokea upande wa pili. Baba wa binti akauliza kwa upole, "Huyo anayepita ni nani?"

Na amu yangu, mtu ambaye wateja walimwachia vitu vyao bila kuvihesabu, akajibu, "Vijana wa siku hizi tu, bwana."

Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Alikaa kwenye mkeka wa watu, ametoka kusali, akasema uongo kwa ajili yangu, na kila aliyekuwa chumbani mle alijua kuwa ni uongo.

Usukani ulianza kukaza. Kwenye kona ya mwisho niliukata kwa mikono yote miwili na bado haukuja wote. Nikafunga breki nisiparamie baraza, gari likazima. Lilisimama mbele ya mlango wao, ubavu ukielekea kwenye pazia.

Ulikuwa ukimya ambao sijawahi kuusikia tena. Kisha pazia likafunguliwa, akatoka baba wa binti, na nyuma yake amu na mshenga. Nilitaka kutoka, nikakumbuka kwamba gari lile halitokwi haraka. Nilibaki nusu nimekaa nusu nimeinama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliliangalia gari, akaniangalia mie. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Haliwaki?"

"Mpaka lipoe, mzee."

"Hapa hapapiti mtu. Litasukumwa tu. Kaa humo humo, utie gia."

"Mzee, tafadhali, ngoja niite vijana..."

"Kaa."

Akakunja mikono ya kanzu yake. Amu akashika upande mmoja, mshenga na uzee wake akashika taa, na mtu niliyetaka awe mkwe wangu akaweka viganja vyake juu ya buti na kusukuma. Mie nimekaa. Kwetu mkwe unamwamkia kwa kuinama, unampisha njia, hukai kwenye kiti akiwa amesimama. Na mie nilikuwa nimekalia kiti cha ngozi, nimeshika usukani, na yeye ananisukuma kwenye mchanga.

Kutoka kwenye baraza ya jirani mwanamke akapaza sauti, "Jamani, bibi harusi mbona hajaja kusukuma?" Wakacheka. Sikutazama dirishani, lakini nilijua kuna mtu dirishani.

Usukani ulikuwa umelegea kidogo. Nikaachia klachi, gari likaruka, likawaka na kutapika moshi mzito. Sikuweza kusimama. Ningesimama lingezima, wangesukuma tena. Kwenye kioo nilimwona akikung'uta kifua cha kanzu yake, nyeupe ile, sasa ina weusi kuanzia shingoni. Sikuaga wala kuomba radhi. Niliwaacha wazee wangu wawili Kinondoni, na gari lile likanifikisha Temeke likipiga kelele njia nzima.

Walirudi jioni kwa basi. Amu alivua viatu, akanawa, akala. Aliponiita nilijua ni matusi, nikajiandaa. Badala yake akasema, "Barua wamepokea. Mzee hana neno na ukoo. Amesema, kijana mwenyewe hajamwona, amemsikia tu. Ijumaa baada ya Alasiri uende, peke yako, kwa miguu, mnywe kahawa akutazame."

"Amesema hivyo kweli?"

"Niongeze uongo mwingine?"

Kesho yake nilimpelekea fundi gari, nikamwambia ayang'oe mabomba yote manne na kufunga ile ya chuma. Alinuna kama aliyefiwa. Likawa gari la kawaida, linapita kama cherehani ya chumba cha pili. Ijumaa nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikashukia mbali kwa makusudi, nikatembea. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nitasema niliona haya. Nitasema samahani kwa kanzu.

Nilipoingia kwenye mtaa ule, mama wa vitumbua alinitambua kabla sijamwamkia. Akafumba midomo, akafura mashavu, na kutoa ile sauti yenyewe, mngurumo na kile kikohozi cha bomba lililobonyezwa, vizuri kabisa, kama aliyekuwa ameifanyia mazoezi. Baraza nzima ikaangua kicheko. Mwingine akasema, "Leo umekuja kimya kimya, mwanangu? Au limezimikia mbali?" Hakikuwa kicheko kibaya. Leo naelewa kwamba ndivyo mtaa unavyompokea mtu. Mtu wanayemkataa hawamtanii.

Mlango wa nyumba ile ulikuwa wazi, pazia limefungwa pembeni. Niliona mkeka, niliona birika la kahawa na vikombe vimepangwa kwenye sinia, na niliona miguu ya mzee, amekaa ananingoja, kanzu yake safi.

"Ndiyo hapo hapo," mama wa vitumbua akanielekeza, bado anacheka. "Ingia, ingia."

Masikio yalikuwa yanawaka. "Hapana, mama," nikamwambia. "Namtafuta mtu mwingine." Nikaupita mlango ule nikitazama mbele, nikatembea mpaka mchanga ulipoishia na lami ikaanza. Jumamosi asubuhi niliurudisha ufunguo mezani kwa amu, nikapanda basi la Tanga.