Makreti Yaliyokuja Matupu

Wakala wa mizigo aliponitumia gharama za meli, nilikuwa dukani kwangu hapa Morogoro mjini napanga beseni. Nikampigia simu papo hapo, nimeshapandwa na mori.

"Kaka, makreti ya plastiki ni mepesi! Mtoto anabeba matatu. Bei gani hii, kwani nimeleta vyuma?"

"Dada yangu, kwa mzigo kama wako hatuangalii uzito, tunaangalia nafasi. Na wewe umejaza nafasi."

Nikakaa chini. Miaka yote naagiza beseni na ndoo kutoka China, na vyote huingiana, kimoja ndani ya kingine, mzigo mkubwa unakuwa mdogo. Haya makreti nilichagua yale magumu, yasiyoingiana. Maana yake nimesafirisha hewa. Hewa, jamani! Nimeilipia baharini, nimeilipia na lori kutoka Dar. Nilipopiga hesabu, bei niliyoahidi haikurudisha hata gharama, faida ndiyo usiseme.

Na ahadi yenyewe sikuitoa kwa wateja wa kupita. Niliitoa Mgeta, huko juu milimani, kwa kina mama wanaolima nyanya na karoti pamoja na mama yangu. Matenga yao ya mianzi yanaponda nyanya, zikifika sokoni zimeshatoa maji. Lakini waliogopa kutoa hela, kwa sababu mtu mmoja wa mjini aliwahi kuwaletea mbegu akawapandishia bei siku ya kupokea. Mama ndiye aliyesimama akasema, "Huyu nimemzaa mimi. Bei aliyosema ndiyo hiyo." Wakatoa nusu.

Siku ya kupeleka mzigo nilipanda nimejiapiza kuwaambia bei mpya. Njia nzima nafanya mazoezi ya maneno: ushuru, dola, mafuta. Kufika tu, vigelegele. Mama kavaa kitenge chake cha kanisani, na siku yenyewe ya kazi!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima.

Nikagawa makreti kwa bei ileile, na kila moja lilipoondoka niliona mtaji wangu unaondoka nalo.

"Si niliwaambia?" mama akawauliza wenzake. Kisha akanigeukia: kina mama wa kijiji cha pili nao wanayataka, ameshawapa neno, bei hiyohiyo.

Akanisindikiza hadi kwenye gari. Huku kwetu mtu hatembei na chombo kitupu. Mama akishusha mboga mjini, tenga linarudi na chumvi na sabuni, hata kama ni mche mmoja tu. Kwa hiyo kreti moja alikuwa amenijazia njegere na kabichi. Akalipakia mwenyewe, akauliza kwa furaha tele, "Na haya yalipokuja yalikuwa na nini ndani?"

"Hayakuwa na kitu, mama."

"Matupu? Kutoka huko kote?"

"Matupu, na nauli nimelipa kama yamejaa." Nilitaka kulia, na nikamkasirikia kwa kuuliza. Nimekulia kwenye matenga yale, tangu lini nikasahau? Mama akanitazama, akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa wanacheka wakijaribisha makreti kichwani. Furaha ikamtoka usoni.

"Duka litafika mwisho wa mwaka?"

"Sijui, mama."

Akakaza khanga kiunoni. "Wale wa kijiji cha pili niachie mimi. Nitawaambia nilisahau bei uliyonitajia, nikasema ya kwangu."

"Watakuita mwongo!"

"Hawataniita mwongo. Wataona nimezeeka tu," akasema, akafunga mlango wa gari, akarudi kwa wenzake.