Baba Niliyesimuliwa

Riwaya yenyewe niliazimwa na mwalimu mwenzangu hapa Migori, shule zilipofungwa. Aliniambia ni ya kifalsafa, nisiisome kwa haraka. Ni habari ya mke na mume wanaogundua kwamba hawapo, kwamba kuna mtu amekaa mahali anawaandika. Mwanzoni nilicheka. Kisha nikafika pale mke anapojaribu kukumbuka utoto wake, akakuta ana jambo moja tu, siku aliyonunuliwa viatu. Mengine hayakuwepo, kwa sababu mwandishi hakuyaandika.

Nikakifunga kitabu. Sikujua sababu, mpaka nilipokuwa naosha vyombo. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na jambo lake ninalolikumbuka ni moja. Amenibeba mabegani, tunateremka ziwani, anaimba, nami nimemshika masikio nisianguke. Nikatafuta la pili. Sauti yake akinikemea, harufu ya shati lake, chochote. Sikupata.

Usingizi ukaanza kunipaa. Mume wangu alisema hicho ni kitabu tu, nimrudishie mwenyewe. Sikuweza kukirudisha, wala sikuweza kusoma ukurasa bila kuhisi kwamba ninayechunguzwa ni mimi. Mwishowe nikamwambia naenda kisiwani Rusinga kumwona mama.

Nilimkuta akigeuza omena, dagaa wa ziwani, aliowaanika kwenye wavu. Tulisalimiana, akaniuliza habari za watoto, tukala. Nikamweleza yaliyomo kitabuni, naye akasema watu wanaoandika mambo kama hayo hawana kazi. Nikajikaza, nikamuuliza ni wimbo gani baba alikuwa akiimba akinibeba mabegani.

Aliendelea kuokota takataka kwenye omena.

"Baba yako hakuwahi kukubeba mabegani, nyathina, mwanangu," akasema. "Ulipoanza kutembea, yeye alikuwa mgonjwa, hawezi hata kuketi."

Nikamuuliza hiyo safari ya ziwani ilitoka wapi.

"Ulikuwa unalia ukiwaona wenzako na baba zao. Nikakuambia na wewe ulibebwa. Ukaipenda hiyo hadithi, kila siku unataka nikusimulie tena. Hayo masikio uliongeza mwenyewe."

Nikakaa chini. Sikumkasirikia. Mjane mwenye mtoto anayelia, angefanya nini? Lakini nilihisi kama nimefiwa siku hiyo, na wa kumlilia sina. Nikamwomba aniambie kitu kimoja cha kweli, hata kiwe kidogo namna gani.

Akafikiri. Akasema baba alipenda nilazwe kifuani pake asubuhi, kabla homa haijapanda, na kwamba alikuwa akihesabu vidole vyangu vya miguu kwa sauti ya chini.

Niliitikia, nikamshukuru. Huku namwangalia usoni, namwangalia sana, nione kama na hicho anakitunga.