Mgombea Alivyomjibu Baba Mkwe Wangu

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ilikuwa ya kampeni, na mimi nilikuwa bado na magoti yanayonitii. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukiwatazama wagombea kwenye simu yako. Ulicheka, ukakunja uso, kisha ukatuuliza wote tuliokuwa chumbani, "Sasa huyu amesema nini?" Swali lako lilinirudisha mbali.

Tulikuwa tunaishi hapa hapa mtaani Nyakabiga, katika nyumba aliyoipanga mume wangu Idi, pamoja na Saidi mdogo wake. Baba yao, Mzee Rajabu, alikuwa amehamia kwetu baada ya mafuriko. Yeye alikuwa mtu wa Gatumba, kule kando ya mto. Alifanya kazi bandarini miaka mingi, akiwatolea watu mizigo yao forodhani, na kwa jasho hilo akajijengea nyumba. Mto ulipofurika maji yaliingia mpaka madirishani, ukuta wa nyuma ukalala chini. Tulimtoa mzee akiwa amebebwa mgongoni, amekumbatia msahafu na redio.

Masikio yake yalikuwa yamechoka. Ukitaka akusikie ilibidi umkaribie upande wa kulia na upaze sauti. Wanawe hawakuwa na subira hiyo, basi kazi ya kumsemea sikioni ikawa yangu. Wala sikuiona mzigo. Mzee yule alinitendea kwa adabu kuliko watu wengi niliowahi kukaa nao.

Neno lake lilikuwa moja tu asubuhi na jioni: atarudi lini kwake? Hapo ndipo sisi sote tulipokuwa tumekwama. Wengine walisema watu wataruhusiwa kujenga tena palepale, na ukuta utawekwa kuuzuia mto. Wengine walisema apana, watu watahamishwa, watapewa viwanja mbali huko. Idi alikuwa ameshaanza kuulizia matofali. Saidi alikuwa anamwambia asubiri. Ndugu wawili wakawa wanakula sahani moja bila kutazamana.

Basi ikatangazwa kwamba wagombea urais watakaa pamoja kwenye televisheni, waulizwe maswali nchi nzima ikisikia. Jioni hiyo tulipomaliza kuswali magharibi, majirani walijaa sebuleni kwetu. Nikamkalisha mzee karibu na kioo cha televisheni, nikakaa ubavuni pake.

Mtangazaji aliuliza mambo mengi, mafuta ya magari, bei ya sukari, shule. Kisha, mwanangu, akalitaja jina la Gatumba. Akamgeukia mgombea mmoja mwenye suti ya kijivu, akamuuliza waziwazi: waliofurikiwa wajenge tena palepale, au watahamishwa?

Nikamshika mzee bega. "Baba, wameuliza habari yetu!"

Akaivua kofia, akaivaa tena vizuri.

Mgombea akaweka mkono kifuani. Alisema Gatumba iko moyoni mwake. Alisema alifika mwenyewe, akawaona akina mama wamebeba watoto mabegani majini, na siku ile hakuweza kula. Alisema wananchi wa nchi hii hawajui kuanguka. Alisema ataketi na wahusika wote, na hakuna hata mmoja atakayeachwa nyuma. Sauti yake ilikuwa nzuri, mwanangu, nisimdhulumu. Jirani yetu mmoja mwanamke alipangusa machozi kwa ncha ya kitenge.

Mtangazaji akarudia: wajenge au wahame? Mgombea akatabasamu, akamshukuru kwa swali muhimu, akaanza kueleza habari ya mbolea ya wakulima.

Nikamwinamia mzee nikamwambia yote, neno kwa neno kadiri nilivyoweza.

"Eeh," akasema. "Sasa tujenge ao tusijenge?"

"Hajasema, Baba."

"Mutu ameongea hivi vyote, hajasema?"

"Hajasema."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. "Zaina, kama ni apana, niambie tu. Mi si mutoto."

"Wallahi, Baba, sikufichi kitu."

"Kama umechoka kunisemea, sema pia. Sitakasirika."

Akageuza uso ukutani. Maneno nilikuwa nimeyasikia yote, hata sasa nimekutajia, lakini jibu sikulipata popote, na mtu ninayempenda alikuwa anadhani nimelificha chini ya kanga yangu.

Nyuma yangu Idi alikuwa tayari amesimama. "Mumesikia? Hakuna wa kuachwa nyuma! Tunajenga."

"We umesikia nini?" Saidi akamjibu. "Amesema ataketi na wahusika. Batu wakubwa wakiketi, ni kwa kuwahamisha batu. Usinunue hata tofali moja."

"Umesikia unachotaka!"

"Na we?"

Majirani nao wakagawanyika. Mwalimu wa mtaani alisema ukuta wa mto umeahidiwa. Muuza mkaa alisema ni viwanja vilivyoahidiwa, tena vyenye hati. Nikawauliza, ni wakati gani alipotaja ukuta? Ni wakati gani alipotaja hati? Wakaniambia sikusikiliza vizuri. Nami nikaanza kujiuliza kama kweli niliinuka kwenda jikoni na kupitwa na neno. Kila duka nililoingia siku zilizofuata, nilimkuta mtu mwenye jibu lake, na hakuna aliyekuwa na la mwenzake. Nilikuwa najiona kama mtu aliyelala msikitini akaamka watu wanatoa salamu.

Mzee hakuninunia, hakuwa mtu wa hivyo. Ila aliacha kuniuliza. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Baadaye tukasikia kwamba mgombea yule yule atakuja kuongea na watu uwanjani, si mbali na kwetu. Mzee akaniita. "Utanipeleka. Nitamuuliza mwenyewe."

Twende, nikasema. Tulitembea polepole katika vumbi na ngoma. Watu wakampisha kwa ajili ya ndevu zake na fimbo yake, mpaka tukafika mbele kabisa. Mgombea aliposhuka jukwaani kusalimu watu, mzee akanyoosha mkono na kumshika.

"Mi ni mutu wa Gatumba," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. "Nyumba yangu imeanguka. Nijenge ao nisijenge?"

Nikamwambia mgombea kwamba mzee hasikii, amsemee upande wa kulia. Akafanya hivyo, mwanangu, tena kwa heshima. Akainama, akaweka mkono wake juu ya bega la mzee, akamsemea sikioni maneno mengi. Watu wakapiga makofi. Wapiga picha wakasogea. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaitikia kwa kichwa. Mimi kwa makelele yale sikusikia hata moja, lakini moyo wangu ulitulia. Nikasema alhamdulillahi, leo amepata jibu lake, na halikupitia kwangu.

Tukarudi polepole. Nyumbani Idi na Saidi walikuwa wanangoja mlangoni, habari zilikuwa zimeshawafikia.

"Baba, amekuambia nini?"

Mzee akaketi. Akaomba maji, akanywa. Tukangoja.

"Amesema namkumbusha baba yake marehemu," akaanza. "Ameuliza afya yangu. Amesema wazee wa bandarini ndio waliojenga muji huu. Amesema anaielewa nyumba yangu." Akakunja paji la uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Amesema tuko pamoja."

"Halafu?"

"Halafu ameniachia mukono."

"Lakini kujenga, Baba! Amesema mujenge?"

"Apana."

"Amesema musijenge?" Saidi akauliza.

"Apana. Nimesikia kila neno. Alinisemea vizuri sana." Akanigeukia, na macho yalikuwa yamelowa. "Zaina, binti yangu, unisamehe. Nilidhani unanificha. Kumbe hakuna kitu ulichopewa cha kuniletea."

Nililia, sikuona haya. Idi alitaka kuendelea kubishana, mzee akainua kiganja.

"Munagombana kwa neno ambalo hakuna aliyelisema," akawaambia. "Mimi nimelifuata mpaka mudomoni mwake, halikuwepo. Nyumba ni yangu. Sijengi sasa. Si kwamba nimekatazwa. Ni kwamba sijaambiwa, na sitaki kulala chini ya paa la kubahatisha. Siku mutu atakaposema waziwazi, nitajenga ao nitahama. Mpaka siku hiyo, kuleni pamoja kama ndugu."

Je, tulifanya vema? Mpaka leo sijui, mwanangu, na sitakudanganya kwamba najua. Kuna majirani zake waliojenga wakakaa kwao, na kuna waliojenga wakatoka tena na magodoro kichwani. Mzee alifia hapa Nyakabiga, bado anaulizia Gatumba. Siku ya kupiga kura, angali hai, nilimsindikiza. Nami nilipoingia kule nyuma ya pazia nilisimama na kuchanganyikiwa, nikayatazama majina yale, nikijaribu kukumbuka ni nani kati yao aliyewahi kujibu swali aliloulizwa. Nilichagua, nikatoka nikamshika mzee mkono.

Sasa nikuambie ninachokushauri, kwa kuwa utapiga kura kwa mara ya kwanza. Wanapoulizwa hawa wakubwa, shika kwanza swali, ulishike kwa nguvu, usiliachie hata sauti ikiwa tamu. Mtu akimaliza kusema, jaribu kumweleza mwenzako kwa maneno yako mwenyewe ni nini alichojibu. Ukishindwa, usijione mjinga, wala usimdhanie mwenzako kuwa mwongo. Usimalizie kwa matamanio yako pale mwingine alipoacha wazi, maana hapo ndipo ndugu wanapogombana. Sema tu, "hakujibu." Neno hilo si tusi na si uchochezi. Kisha uliza tena, kwa adabu, na kesho uulize tena. Na wewe mwenyewe, mtu wa nyumbani kwako akikuuliza jambo linalomgusa, mpe ndiyo au hapana, au mwambie hujui. Usimshike bega ukamwacha hivyo hivyo.

Nenda ukachague, mwanangu. Mola akutulize moyo siku hiyo, akuepushe na fujo, akurudishe salama, na wale utakaosimama nao mstarini kesho yake muamkiane kama majirani. Amin.