Maji ya Mgongo Wangu

Siku ile naikumbuka kwa mgongo, mwanangu. Hata leo mvua ikikaribia, pale sindano ilipoingia panauma kidogo, ingawa kidonda chenyewe kilipona ndani ya juma moja.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Baraka likizo, kijana wa sekondari mwenye maneno mengi. Watu wa malale walikuwa wamekuja kupima kijiji, kwani mbung'o walijaa vichakani kando ya mto Mutambala, kule mdogo wangu Asukulu alikokata miti ya kuchongea makasia. Walimchoma tezi za shingo wakaona wadudu wa malale. Wakamwambia arudi kesho wamtoe maji ya uti wa mgongo, wajue kama ugonjwa umeshaingia kichwani.

Alinijia nyuma ya jiko, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, mi naoa mwezi ujao. Banasema ile sindano ya mugongo inaua uanaume."

"Nani anasema?"

"Bote. Hata bale bazee."

Ningemweleza, kwa kuwa nilijua si kweli. Lakini macho yake yalinishinda. Mimi nilikuwa nimepimwa shuleni, nikaonekana mzima, na tulifanana hata shangazi zetu walitukosea. Asubuhi nikachukua karatasi yake, nikaenda kulala ubavu mahali pake. Niliona huo ndio upendo.

Tabibu wa kikosi kile cha malale, Papa Wilondja, alinishika kiganja. "Muchonga makasia gani huyu? Mikono laini sawa ya padiri." Foleni ikacheka, nami nikacheka. Akachoma, akahesabu chembe kwenye darubini, maji yakawa safi. Asukulu akapewa sindano za ugonjwa wa mwanzo, zile zisizofika kichwani, akaoa kwa ngoma.

Likizo iliyofuata nilimkuta amelala mchana, tezo ingali mkononi. Mke wake alinivuta pembeni. "Shemeji, usiku anatembea, muchana analala. Jana alinitukana, kisha akalia kama mutoto."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asukulu hakuficha peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa pazia.

Nilikwenda kwa Papa Wilondja nikamwambia yote. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Ulinipa maji yako," alisema. "Nikahesabu amani ya kwako, nikaandika jina ya ndugu yako."

Siku hiyo hiyo Asukulu alichomwa mgongo, mimi nikimshika mabega. Kisha Papa akaniita kwenye darubini. Niliona chembe nyingi zimesongamana, kama watu sokoni.

"Hawa ni basoda ba damu," alisema, yaani askari wa damu. "Kichwa iko na lupango yake, ua ya kufungwa, na mulango inalindwa. Basoda habaingiake ovyo. Ukibaona bengi hivi, ujue adui iko ndani, nabo bamemufuata. Lakini vita ya ndani ya nyumba inavunja hata vyungu vya mwenye nyumba."

Siku hizi mjukuu wangu anayesomea udaktari ananiambia ubongo una pia walinzi wake wenyewe, wanaoishi humo humo, wakifagia na kulinda. Na wakishtuka kupita kiasi, wao pia huumiza kile wanachokilinda. Nilimjibu kwamba nasadiki. Nimewahi kuwa mlinzi wa namna hiyo.

Dawa ya kichwani ilikuwa kali, ikimchoma mishipani kama moto, lakini Asukulu alirudi kwetu. Alimjua mkewe, alilala usiku. Mkono wa kulia tu ndio haukuacha kutetemeka. Kasia la kwanza alilochonga baada ya kupona aliniletea mimi.

"Limepinda kidogo, yaya," alisema. "Lakini litakufikisha."



Basi, mwanangu, sikia. Ukimpenda mtu anayeogopa, mwambie ukweli unaoujua, kisha umshike mabega mpaka sindano itoke. Usiingie mahali pake. Maumivu waweza kuyabeba kwa niaba yake. Ugonjwa wake utabaki ndani yake, ukifanya kazi kimya.

Mungu akujalie wa kukushika siku zamu yako ikifika. Na ukikosea kama nilivyokosea, akupe ndugu atakayekuchongea kasia, hata kama limepinda.