Vinundu Kwenye Mizizi ya Soya

Jumanne asubuhi nilikuwa Chepseon, kwenye duka la dawa za mifugo na mbegu, nikingoja dawa ya kupe. Mama mmoja akaingia na mche wa soya alioung'oa pamoja na udongo wake, akaulaza polepole juu ya kaunta.

"Angalia mizizi," alimwambia muuzaji, msichana wa miaka ishirini na kitu. "Imejaa vinundu. Mzee wangu anasema ni ugonjwa. Leo anang'oa soya yote arudishe mahindi."

Msichana alichuma kinundu kimoja, akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Mama, huu si ugonjwa. Humu ndani kuna vijidudu vinavyotengenezea soya mbolea. Hata mahindi utakayopanda hapo baadaye yatashiba."

"Lakini maharagwe ya jirani yameshavunwa, na hii bado ni kijani!"

"Ni hii baridi yetu. Soya huku haikimbii. Iache tu."

Mama alitoa simu haraka, akapiga. "Mzee, weka jembe chini! Umeng'oa mistari mingapi?" Akasikiliza, akafumba macho, kisha akacheka mpaka akaegemea kaunta.

"Hajang'oa hata mmoja," alituambia. "Ati anamalizia chai kwanza."

Sisi wa huku hulaumiwa kwamba tukishika kikombe hatujui kukiweka chini. Tangu Jumanne, mimi sioni aibu tena kuongeza cha pili.