Marekebisho Madogo

Ofisini kwetu Kilwa Masoko tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja wa Mitole aliyenizidi akili, na Mwalimu, aliyetufundisha hesabu sekondari, kisha akastaafu na kujifunza kuandika programu za kompyuta. Mteja wetu alikuwa mmoja tu, chama cha wakulima wa ufuta. Tukimkosa huyo, tunafunga mlango.

Siku hiyo tulikaa kuamua jambo dogo kabisa. Kila unapobadilisha programu, unatakiwa kuandika mstari mmoja kueleza umefanya nini, na jina lako linabaki pembeni ya mstari huo. Sisi tulikuwa tunaandika tunavyojisikia. Mwalimu aliandika "Alhamdulillah". Dada akapendekeza utaratibu: mstari uanze na neno Jipya au Kosa, kisha useme wazi ni nini kilichoharibika.

Mwalimu akavua miwani. "Kosa, halafu jina la mtu pembeni? Huko si kuvuana nguo, wanangu?"

"Ni kosa la programu, Mwalimu, si la mtu," dada akasema.

"Kwani programu imejiandika yenyewe?"

Mimi ni mtu wa Kivinje, nimelelewa kusitiri; mkubwa akiteleza, unatazama kando. Tukakubaliana kwamba anayerekebisha chochote ataandika "Marekebisho madogo". Tukanywa chai na vitumbua, kila mtu radhi. Nikivikumbuka vile vitumbua, hasira inanipanda mpaka leo.

Msimu wa ufuta ulipofika, wakulima wakaanza kupunjwa. Programu yetu ya kupimia mizigo ilikuwa inapunguza uzito wa gunia tupu mara mbili badala ya mara moja. Chama kikatupigia simu: wakulima wamegoma kushusha mizigo, tafuteni tatizo leo hii. Tukafungua kumbukumbu za mabadiliko. Marekebisho madogo. Marekebisho madogo. Marekebisho madogo, tangu juu mpaka chini. Ikabidi tupekue badiliko moja moja mpaka macho yakauma. Tulipolipata, chama kilikuwa kimeshachukua programu ya watu wa Dar.

Lilikuwa la Mwalimu. Dada alifunga kompyuta haraka aliposikia kikohozi chake mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakukaa. Alitutazama kwa zamu, kama zamani akirudisha karatasi za mtihani. "Niambieni kweli, wanangu. Ni mimi?"

"Hapana, Mwalimu," tukasema kwa pamoja.

Akashusha pumzi. "Basi tusimtafute aliyekosea," akasema, "asije akaaibika."

Kisha akavuta kiti, akaanza kutueleza namna tutakavyopata mteja mwingine, labda huko Lindi, labda kwenye korosho. Uso wake ulikuwa umechangamka. Tulimsikiliza mpaka adhuhuri, tukiitikia kila neno. Mimi nilishindwa hata kumtazama dada, maana nilijua ameshakata tiketi ya basi, ya kwenda bila kurudi.